"Kijiji cha asili" Taita: kabla hamjamalizia pesa, ulizeni nani anawapokea

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, katibu wa chama cha kina mama, ameniandikia hivi: "Asalaam alaykum kaka. Tuko wanawake 14, tumechanga tangu mwaka jana, sasa kuna kampuni imetuuzia ziara ya siku tatu milima ya Taita na dipoziti tushatoa. Siku ya pili wameandika 'kutembelea kijiji cha asili na mapango ya mafuvu, pamoja na ngoma'. Wengine wanafurahi, wengine wanasema hayo mafuvu ni ushirikina hawaendi, mmoja anauliza ati tutawakuta wamevaa ngozi? Tuvae nini, tuwapelekee nini, picha tupige? Na kwani ni sawa kweli kwenda kuwaangalia watu kwao?"

Waalaykum salaam dadangu. Ntaanza na hilo la mwisho maana hayo mengine yote yanafuata hapo, na nyinyi watu wa Lamu nadhani jibu mnalijua kuliko hata mimi. Umekaa zako kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, unachambua mchele, mlango uko wazi kwa ajili ya upepo, mara kichwa cha mzungu kishapita daka, ile baraza ya mlangoni, kinachungulia ndani, nyuma yake kijana wa kutembeza wageni anaeleza habari za nakshi na mwaka wa nyumba kama vile wewe hupo, hodi hakuna, kamera ishapanda. Unavuta mtandio unanyamaza, utafanyaje. Halafu yuko mgeni mwengine, huyu ameletwa na mtoto wa jirani, amevua viatu, ameketi, amepewa kahawa na kaimati, ameuliza mtoto wako anaitwa nani, na akiondoka unamwambia karibu tena na unamaanisha. Wote wawili watalii, wote wamelipa pesa. Ila yule wa pili kuna mtu wa nyumba aliyemkaribisha. Sasa mkipanda Taita, wazungu ni nyinyi.

Kwa hiyo ni sawa kwenda, nendeni, lakini hiyo pesa iliyobaki msiitoe mpaka kampuni iwaambie mambo mawili: jina la kijiji, na nani wa pale anayewapokea. "Kijiji cha asili" si jina. Ni kama mtu amuuzie mgeni ziara ya "kisiwa cha Waswahili", utamuuliza kisiwa kipi, Pate, Manda, Ndau, kwa nani? Akishindwa kutaja ujue hajaongea na mtu yeyote huko, atawafikisha hapo kisha atafute.

Nasema hivi kwa sababu nshafanya kazi hii miaka 22 hapa Malindi, beji yangu ya kuongoza watalii ni ya silva, na nshashiriki mambo ambayo sijivunii. Kuna mwaka kampuni moja ilinichukua nipeleke kikundi cha watu 12 huko bara, sitasema wapi, na ratiba ilikuwa na hiyohiyo "kijiji cha asili". Tukafika mapema, kama dakika arobaini hivi kabla ya wakati. Tukakuta vijana wamekaa chini ya mti wanaangalia mpira kwenye simu, mmoja akatuona akaruka, nikamwona kwa macho yangu anavua jezi anaifungia ndani ya mfuko wa plastiki, anajifunga shuka juu ya kaptula. Ngoma ikachezwa, moto ukapekechwa kwa vijiti, wageni wakapiga makofi. Kila mgeni alikuwa ametozwa shilingi 1,500 kwa ajili ya kijiji peke yake, piga hesabu, 18,000. Bahasha niliyopewa mimi nimkabidhi mzee ilikuwa na 2,000. Mzee akahesabu, akakunja, akaziweka kwenye soksi, kisha akaniuliza kama zile chupa za maji tulizokunywa tunaweza kumwachia. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, haya, pale alipona nani? Wale vijana sina lawama nao, ile ni kazi na jezi ni mali yao, na wala ngoma si mbaya. Ubaya ni kwamba wageni waliuziwa uongo na wenyeji wakauzwa rahisi, na mimi hapo katikati nimeshika bahasha.

Sasa Taita yenyewe. Mwambie mwenzako wa ngozi, kwa upole, kwamba Wataita ni walimu, makarani, mafundi, wakulima, Wakristo wengi na Waislamu wapo, mji wao wa Wundanyi kuna benki na shule na duka la M-Pesa kila hatua tatu. Wanaishi kwenye miteremko wamekata matuta, wamepanda kabichi, viazi, ndizi, avokado, na mboga nyingi unazoziona soko la Kongowea pale Mombasa zimeshuka na lori kutoka huko usiku. Kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, na ile milima ndiyo mkia wa kaskazini wa mnyororo mkubwa wa milima unaoanzia kusini Tanzania, kwa hiyo misitu iliyobaki kama Ngangao na Mbololo ina ndege ambao hawapatikani popote duniani ila hapo tu. Watu wanazungumza Kidawida, na wale wa mlima wa Sagalla wana Kisaghala chao. Uasili upo lakini hauko kwenye nguo. Uko kwenye fighi, vile visitu vyao vya kulinda nchi ambavyo havikatwi mti, ambavyo mtu wa Malindi ukimwambia "ni kama kaya za Wagiriama" ataelewa mara moja, na uko kwenye kutasa, mzee anapiga funda la kinywaji anapuliza huku anatamka maneno ya kuondoa hasira mioyoni, na uko kwenye hayo mapango.

Haya, mafuvu. Hapa nitakaa kidogo.

Zamani Mtaita akifa anazikwa, kisha baada ya kama mwaka, mwili ukishaisha, jamaa wanafukua wanatoa fuvu tu, linasafishwa, linapelekwa kuwekwa pamoja na ya wazee waliotangulia wa ukoo ule. Kila ukoo na pahali pake. Usifikirie pango la kuingia na tochi, mengi ni jabali limeinama tu kama paa la baraza na chini yake mafuvu yamepangwa safu, yanatazama nje. Kukiwa na ukame au maradhi wazee walikwenda pale kutambika. Desturi ilikufa pole pole baada ya wamishenari na serikali ya kikoloni kuingia, Wray wa kanisa la Kiingereza alifika Sagalla 1883, na siku hizi watu wanazika makaburini kama kawaida. Ila yale mafuvu yaliyobaki si vitu vya maonyesho, ni babu wa mtu, na huyo mtu mara nyingi anaishi nyumba mbili tatu chini ya hapo, anaweza kuwa ndiye anayewauzia ndizi.

Kwa wanaoogopa ushirikina: mimi si shehe, mnao wenu hapo Lamu wakubwa tu, waulizeni. Lakini nnavyoona mimi kwenda kutazama maziara ya watu ukakumbuka mauti si sawa na kwenda kuomba pale, na nyinyi ziara za makaburi mnazijua. Hilo la kutasa tu ndilo la kusema mapema, kwa sababu kinywaji chenyewe kiasili ni pombe. Kikundi cha Waislamu nilichopeleka mimi tuliwaambia siku mbili kabla, mzee akatumia maji, hakukasirika hata chembe, alisema kinachofanya kazi ni maneno.

Msiguse. Nnajua hamtagusa lakini nasema, maana nshaona mtu mzima na akili zake ameokota fuvu ameliweka begani apigwe selfi, na aliyekuwa anapiga ndiye kiongozi wa msafara. Na picha hata bila kugusa muulizeni mzee wa ukoo, msimuulize dereva. Dereva atasema piga tu, si babu yake.

Kuhusu picha ntakupa kisa cha huku kwetu, maana watu hudhani picha haina madhara. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama amesimama kando ya vigango viwili, vile vigogo vya ukumbusho, alivyowachongea ndugu zake waliofariki. Picha nzuri, ya heshima, na ruhusa ilikuwepo. Haukupita muda vigango vikaibwa. Miaka baadaye ndiyo ikaja kujulikana kimoja kiko makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine chuo cha Hampton kule Virginia, na ile picha ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba vina mwenyewe. Vilirudi nyumbani 2007, mzee alishafariki zamani. Kwa hiyo picha ilisaidia kuvirudisha, ndiyo, lakini fahamu kwamba kuna watu kazi yao ni kutafuta vilipo, na siku hizi picha ya simu inabeba mpaka alama ya mahali ilipopigwa. Mkipiga huko mapangoni msirushe kwenye WhatsApp na jina la kijiji. Na mkiona mtu anauza "kigango cha zamani" au kitu chochote cha pangoni, geukeni muondoke, si zawadi hiyo.

Watoto pia, msiwapige bila mzazi. Mnajua wenyewe mnavyochukia.

Jengine ambalo ningekuwa mimi ningelipigia kelele kwenye hiyo ratiba ni siku tatu. Hebu tuhesabu pamoja. Mnavuka Mokowe asubuhi, mpaka Malindi ni kama kilomita 220, Malindi Mombasa 120, Mombasa mpaka Voi zaidi ya 150 na malori yote yale, kisha Voi, Mwatate, muanze kupanda kona za Wundanyi ambazo wallahi zinatapisha hata makondakta. Siku ya kwanza imeliwa na barabara yote na ya tatu pia. Inabaki siku moja ya kijiji na mapango na ngoma na soko, ndio maana kila kitu kitakuwa nusu saa nusu saa, na kitu cha nusu saa lazima kiwe cha kuigiza. Wapo watakaowaambia mpite geti ya Sala mkatize Tsavo Mashariki mpaka Voi, ni njia nzuri na mtaona ndovu, lakini ada ya mbuga ni juu yenu, muulize kama imo kwenye bei au mtaitishwa getini. Ushauri wangu ongezeni usiku mmoja, laleni Malindi mkienda, kuna jamaa zenu wa kuwalaza bure hapa na mnajua hilo.

Au, na hili ndilo ambalo kampuni haitawaambia, badilisheni mlima. Nendeni Kasigau.

Kasigau ni mlima wa peke yake, mita 1,641, uko kusini mwa barabara ya Mombasa, mnakatia Maungu kabla hata hamjafika Voi. Vijiji vimeuzunguka chini, Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe, na wenyewe wana banda za jamii za kulaza wageni, kina mama wanasuka vikapu vya mkonge vizuri mno, unamnunulia aliyesuka anakaa mbele yako. Hapo suala la nani kapata pesa linakuwa jepesi kidogo. Kupanda mpaka juu ni kazi, msidanganyane, wenye magoti mabovu wabaki na wasukaji.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyengine. Mara ya kwanza nilipofika huko nikajitambulisha kwa mbwembwe, "mi natoka Malindi", nikitarajia ile ah karibu, habari za bahari. Kukanyamaza. Bibi mmoja aliyekuwa anasuka akasimamisha mkono, akauliza, "Malindi yenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kusuka. Jioni ndipo mwenyeji wangu akanieleza. Vita vya kwanza, 1915, Wajerumani walikuwa wakivuka kutoka upande wa Tanganyika, Waingereza wakawashuku Wakasighau kwamba wamewasaidia, wakachoma vijiji, wakawakusanya watu wote wakawahamishia Malindi. Watu wa mlimani, wamezoea baridi na maji ya chemchemi, wakatupwa pwani kwenye joto na malaria bila chochote. Wengi sana walikufa kwa njaa na maradhi. Waliobaki walikuja kurudi mlimani kwao miaka ya 1930. Mimi nimezaliwa Malindi, nimesoma Malindi, wageni nimewatembeza Malindi nguzo ya Vasco da Gama sijui mara ngapi, na hilo sikuwahi kulisikia, wala sijui wamezikwa wapi. Asubuhi yake nilikwenda kwa yule bibi nikamwambia shikamoo, jana sikujua. Akasema, "Basi sasa umejua, kaa." Nikakaa, akanifundisha kuanza kitako cha kikapu, nikakiharibu, akakifumua.

Hiyo dadangu ndiyo ziara ya kijiji, na hakuna aliyevaa ngozi.

Haya yaliyobaki haraka haraka. Nguo: buibui na dera hamna tatizo kabisa, lakini vaeni raba chini, kandambili zitawaangusha kwenye matope, na mwezi wa sita na wa saba Wundanyi kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Lamu hajawahi kuiona, sweta kila mtu na soksi. Chakula: semeni halali mapema, tena semeni kwa mwenyeji mwenyewe, na njia rahisi nnayotumia mimi ni kununua kuku wazima pale pale kijijini na dereva Muislamu anachinja, kila mtu moyo wake mweupe na kijiji kimeuza kuku. Kimanga msikikatae, kinapondwa maharage na vyenginevyo, kinashiba mpaka magharibi. Za kona chukueni ndimu au tangawizi, na mwenye kutapika akae mbele.

Zawadi: peremende za kuwatupia watoto acheni, hiyo tabia inafundisha watoto kukimbilia magari na nyinyi mshaona huko kwenu ilivyo. Pelekeni kitu cha kwenu, halua ya Lamu, achari ya maembe, chai, sukari, mkabidhi mwenyeji wenu naye ajue pa kugawa. Pesa ya kijiji ikabidhiwe hadharani, mbele yenu, iandikwe kwenye daftari, katibu si wewe? Kampuni ya maana haitakataa hilo. Na leseni ya TRA, ile mamlaka ya kusimamia utalii, waonyeshe, hilo ni jambo la kawaida tu wala si matusi.

Ukiwaandikia tumia maneno machache, usimwage hasira. Mi ningeandika: "Habari, sisi ni kile kikundi cha Lamu. Kabla ya kumalizia malipo tunaomba jina la kijiji, jina la mwenyeji au kamati inayotupokea na namba tuongee nao wenyewe, kiasi gani cha pesa yetu kinabaki kijijini, na nani ametoa ruhusa ya mapangoni. Pia tunaomba bei ikiwa tutalala Malindi usiku mmoja, na bei ikiwa ni Kasigau badala ya Wundanyi." Basi. Wakijibu siku hiyo hiyo na namba ikapokelewa na mtu wa huko anayejua kwamba mnakuja, lipeni. Wakianza "usijali mama, kila kitu kiko sawa", hapo jali.

Na yule mwenzenu asiyetaka mafuvu asilazimishwe wala asichekwe. Abaki sokoni Wundanyi na pesa ya wote, awanunulie kabichi na avokado za kurudi nazo, mkishuka mtamkuta ameshapata marafiki.